Ninunue PS2 kwa ajili ya Def Jam tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu gemu moja, Def Jam: Fight for NY ya mwaka 2004, gemu ya mapigano ya wasanii wa rap, na mashine moja, PlayStation 2 (PS2). Mengi yatamfaa pia anayeiwazia mashine nyingine ya zamani kwa sababu ya gemu nyingine. Msimamo wangu nausema mapema: kama una watu wa kucheza nao sebuleni, nunua. Kama utakuwa unacheza peke yako usiku huku umevaa hedifoni, usitoe hela kabla hujafika kwenye swali la emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani kwenye kompyuta au simu.

Kwa nini mtu mzima anunue mashine iliyotoka mwaka 2000 kwa gemu moja tu?

Kwa sababu gemu yenyewe haijahama. Ilitoka kwenye PS2, Xbox ya kwanza na GameCube, kisha mwaka 2006 likaja toleo la PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, lililoitwa The Takeover. Basi. Baada ya hapo haikusafishwa picha, haikuuzwa upya kwenye duka la mtandaoni, haikuletwa kwenye kompyuta.

Ukiitazama orodha ya wapiganaji utaelewa ugumu uko wapi. Yumo Snoop Dogg, Method Man, Redman, Busta Rhymes, Ice-T, Xzibit, Fat Joe, Sean Paul, Lil' Kim, hadi mwigizaji Danny Trejo. Kila mmoja kaja na sura yake na sauti yake, na juu ya hapo kuna nyimbo zinazopigwa humo ndani, kila wimbo na wenyewe. Kuiuza tena leo maana yake ni kurudi kugonga milango hiyo yote na mikataba mipya mkononi. Mimi sikai nikiisubiri.

Ndiyo maana Def Jam naiweka kwenye kundi dogo la gemu zinazostahili kununuliwa mashine. Nyingi tulizozicheza enzi zile haziko kwenye kundi hilo, na nimezigusa huko chini.

Bado inachezeka, au ni utamu wa kumbukumbu tu?

Inachezeka, na kuna sababu. Waliotengeneza mapigano yake ni AKI Corporation ya Japani, haohao waliotengeneza WWF No Mercy ya Nintendo 64. Walikuwa wanajua kumfanya mtu mmoja amkamate mwingine, amgeuze, amtupe, na wewe uliyeshika pedi usikie uzito wake. Picha za 2004 zimezeeka, ila kule kushikana hakujazeeka.

Inaanza kwa namna ambayo sijaiona kwingine: askari aliyekuona anamwelezea mchoraji wa polisi sura yako, na maelezo hayo ndiyo unayoyatumia kumtengeneza mpiganaji wako, kuanzia pua hadi umbo la mwili. Kisha unachagua mtindo wa kupigana. Ipo mitano: ngumi za mtaani, kickboxing, martial arts, mieleka, na ule wa kukaba na kuvunja viungo. Kadiri unavyoshinda unaweza kujifunza mingine hadi ufikishe mitatu, na hapo ndipo wachezaji wanapoanza kutofautiana. Aliyechanganya mieleka na kukaba hapigani kabisa kama aliyechanganya kickboxing na martial arts.

Jambo la pili ni kwamba mpinzani hamalizwi kwa kumchapachapa tu hadi damu yake iishe. Ukishamlegeza, lazima umalizie kwa njia inayoendana na mtindo wako: pigo zito la ngumi, kumkaba hadi akubali, kumbamiza ukutani, au lile pigo maalum linaloitwa Blazin'. Watazamaji nao wamo. Ukimsukumia kwao wanamshika mikono ili umpige, au wanakurushia wewe. Kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi unaweza kumsukumia relini treni inapopita, na hapo pambano limekwisha, hata kama alikuwa anaongoza. Hapo ndipo sebule nzima inaposimama.

Udhaifu wake? Hadithi ni fupi, mtu aliyezoea anaimaliza kwa wikendi moja. Kusubiri kabla ya pambano kunachosha kwa aliyezoea mashine za leo. Na ukicheza peke yako, ikiisha hadithi, kilichobaki ni kurudia. Ndiyo maana nimeanza na suala la watu.

Si niiweke tu kwenye PS4 au PS5 yangu?

Hapana. PS4 na PS5 hazisomi CD za PS2 kabisa. Zile gemu chache za PS2 zilizouzwa dukani kwa PS4 hazina Def Jam.

Kuna PS3 za mwanzo kabisa, zile nene, zilizokuwa zinasoma CD za PS2. Toleo la GB 60 na la GB 20 zilizouzwa Marekani na Japani zilibeba chipu za PS2 ndani. PS3 nene za baadaye ziliondolewa uwezo huo, na slimu, zile nyembamba, hazikuwahi kuwa nao. Ukiambiwa dukani kuwa «PS3 zote zinasoma za PS2», ondoka. Na hata ukiipata inayosoma, ni mashine inayojulikana kwa kufa ghafla kwa joto, ikawasha taa ya njano na kuzima. Kuinunua kwa ajili ya gemu ya PS2 ni kujitafutia fundi wa kudumu.

Halafu jihadhari na Def Jam: Icon ya 2007, iliyotoka kwenye PS3 na Xbox 360. Jina linafanana, ila walioitengeneza ni wengine na inachezwa tofauti kabisa. Watu wameuziwa hiyo wakidhani ndiyo ile.

Kwenye simu au kompyuta je?

Hili ndilo swali ambalo likijibiwa vizuri linamwokolea mtu hela.

Kwenye kompyuta kuna PCSX2, emuleta ya bure inayoiga PS2. Def Jam inakwenda humo, picha ikiwa safi kuliko mashine yenyewe ilivyoweza kuitoa. Unahitaji laptopu yenye nguvu ya kutosha. Zile za ofisini za miaka mingi, zisizo na kadi ya picha ya maana, zitakuwa zinakwamakwama katikati ya pambano. Kisheria unatakiwa uwe na CD yako halisi uliyoinakili mwenyewe, pamoja na faili la BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, lililotolewa kwenye PS2 yako. Najua wengi wanavyofanya, lakini sheria ndiyo hiyo.

Kwenye simu, njia nyepesi ni PPSSPP, emuleta ya PSP, na toleo la The Takeover. Hata simu za bei ya kawaida zinalimudu. Tatizo ni vidole: gemu iliyotengenezwa kwa pedi, ukiicheza kwa kugusa kioo unapoteza nusu ya utamu. Tafuta pedi ya bluetooth. Emuleta za PS2 zenyewe kwenye simu zipo, iliyovuma zaidi ni AetherSX2, ila mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza mwaka 2023, na simu isiyo na chipu kali inachemka kama pasi.

Ushauri wangu: kama tayari una laptopu nzuri, nunua pedi mbili za USB na waya wa HDMI, uiunganishe kwenye TV. Umepata karibu kila kitu bila kununua mashine. Kama laptopu huna, usinunue laptopu kwa ajili ya hili. PS2 ni rahisi zaidi.

Ninunue fati au slimu?

Fati ni ile nene ya mwanzo, slimu ni nyembamba iliyoanza mwaka 2004 kwa namba za 70000. Zote zinacheza Def Jam sawasawa. Fati ni imara na ina nafasi ya kufunga hadi diski, lakini ni za zamani zaidi na lenzi zake nyingi zimechoka. Slimu ni rahisi kubeba, haina kelele, na hadi leo ndizo zinazopatikana zaidi mtaani. Mimi ninayo slimu na sijatamani fati.

Muhimu kuliko unene ni namba iliyo chini ya mashine. Igeuze usome. Utaona SCPH ikifuatiwa na tarakimu tano, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayokueleza ilikotoka. 0 ni Japani, 1 ni Marekani na Kanada, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Kwa mfano SCPH-77003 ni slimu ya Uingereza.

Hii inakuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni umeme. Fati ya Marekani inataka volti 120, ya Japani inataka 100. Umeme wetu ni wa 230 au 240. Ukichomeka moja kwa moja utasikia mlio mdogo, harufu ya kuungua, basi, imekwenda. Hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma nayo ni hela. Slimu nyingi zinatumia adapta ya nje, hivyo soma maandishi ya kwenye adapta: ikiandikwa 100-240V, uko salama, ikiandikwa 120V, usiiguse bila transfoma. Slimu za mwisho, za namba 90000, zina pawa ndani kwa ndani kama fati, kwa hiyo unasoma kibandiko cha chini ya mashine yenyewe.

La pili ni CD. Mashine ya Ulaya inasoma CD za Ulaya, ya Marekani za Marekani, ya Japani za Japani. Ukinunua mashine ya Uingereza na CD halisi ya Def Jam iliyotoka Marekani, zitakataana, isipokuwa mashine iwe imechokonolewa, jambo linalotuleta kwenye swali linalofuata.

Muuzaji anasema imetiwa chipu na inacheza kwa flash. Nichukue?

PS2 nyingi zilizopita kwenye vibanda vya gemu vya Dar, Mombasa au Nairobi zilitiwa chipu ili zisome CD za kuchoma. Siku hizi kuna za memori kadi maalum ya FreeMcBoot, inayoiwezesha mashine kufungua gemu kutoka kwenye flash bila chipu yoyote.

Nakala za namna hiyo si halali, na hilo halibadiliki kwa kuwa kila mtu anazo. Lakini hata ukiliweka kando, kuna mambo ya kiufundi ambayo muuzaji hatakuambia. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, 1.1, linapitisha data polepole. Gemu nyingi zikichezwa kwa flash, video za katikati ya hadithi zinakatikakatika na sauti inachelewa. Kwa CD halisi hilo halitokei. Na CD za kuchoma zinaisumbua lenzi iliyochoka kuliko CD halisi, kwa hiyo mashine iliyoishi miaka yote kwa CD za kuchoma ina lenzi iliyofanya kazi ngumu.

Faida moja ya kweli ya mashine ya namna hii ni kwamba haijali CD imetoka nchi gani. Ukiwa na CD halisi ya Marekani na mashine ya Ulaya yenye chipu nzima, umeruka kikwazo cha swali lililotangulia.

Nikiwa dukani nikague nini?

Hapa usiwe na haraka, na usione haya. Kariakoo au Luthuli, mwenye duka atakuwashia mashine, taa ya kijani itawaka, na atakuambia: «Nzima kabisa hii, bosi.» Taa ya kijani ni ushahidi kwamba umeme umefika. Zaidi ya hapo haijasema kitu.

Nenda na CD yako, na iwe ya gemu ya DVD. Hili ni la muhimu kuliko yote. Gemu za PS2, ambazo zote tunaziita CD, zilikuja kwa aina mbili: nyingine CD zenyewe, ambazo chini yake ni bluu, nyingine DVD, ambazo ni za rangi ya fedha. Lenzi inayochoka mara nyingi huanza kukataa aina moja huku ikisoma nyingine bila shida. Muuzaji mjanja atakuwekea ile inayosoma. Def Jam ni DVD, kwa hiyo mashine inayosoma CD za bluu tu haikufai hata kwa bei ya kutupa.

Ikishafunguka, usiridhike na picha ya mwanzo. Ingia ndani, cheza mapambano mawili matatu, acha ipakie mara kadhaa. Sogeza sikio. Mlio wa CD inayozunguka ni wa kawaida. Mkwaruzo wa tik-tik-tik wa lenzi inayotafuta na kukosa, huo ndio ugonjwa.

Kisha toa CD uigeuze kwenye mwanga. Kwenye slimu, utepe unaoiendesha lenzi ukichomoka mahali pake huinuka na kuikwaruza CD inapozunguka. Utaona mchirizi wa duara kamili, kama umechorwa kwa bikari. Mikwaruzo ya kupita ovyo ni ya matumizi ya watu, ila huo wa duara ni wa mashine, na utaharibu kila CD utakayoiweka. Fundi anaweza kuubandika upya utepe huo, si kazi kubwa, ila bei ishuke kwanza. Ni vyema CD unayokwenda nayo kujaribia isiwe ile unayoipenda kuliko zote.

Pedi: jaribu kila kitufe, na analogi zote mbili. Analogi ya kulia watu huisahau kwa sababu gemu nyingi za mpira za enzi hizo haziitumii sana. Kwenye Def Jam hiyo ndiyo unayoisukuma kuingia kwenye Blazin'. Pedi yenye analogi ya kulia iliyokufa imekunyang'anya pigo lako kubwa. Pedi feki utazijua kwa wepesi. DualShock 2 halisi ina uzito mkononi kwa sababu ya mota mbili za mtetemo zilizomo.

Mwisho, omba uiache imewaka wakati mnazungumza bei. Mashine yenye tatizo la joto au la pawa huwa haifichi kwa nusu saa.

TV yangu ni flati. Itaonekana?

Itaonekana, lakini si vizuri kama kwenye TV ya chogo. PS2 inatoa picha ndogo, mistari 480 au 576 kutegemea ilikotoka, na TV kubwa ya leo inaivuta hadi ijae kioo.

Kama TV yako ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, waya wa kawaida wa AV unatosha kuanzia. Baadhi ya TV mpya zina kitundu kimoja kidogo kilichoandikwa AV, na hapo unahitaji kiwaya cha kuunganishia. Nyingine hazina kabisa, zina HDMI tu. Kuna vikonveta vidogo vinavyochomekwa nyuma ya PS2 na kutoa HDMI. Vingi vya bei nafuu vinafanya kazi kwa sharti moja: uingie kwenye mipangilio ya PS2, kwenye Component Video Out, uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Usipofanya hivyo rangi zitakuja za ajabu na utadhani umeuziwa kibovu.

Kuna jambo jingine linalowasumbua watu bila kulijua: ucheleweshaji. TV ya flati inachukua muda kidogo kuitengeneza picha hiyo ya zamani, na kwenye gemu ya mapigano unahisi umebonyeza kujikinga ila umepigwa. Washa Game Mode kwenye TV yako. Na kama kuna TV ya chogo nzima inayokula vumbi stoo kwa bibi, iombe kabla hawajaiuza chuma chakavu. Hakuna kifaa cha hela ndogo kitakachoifikia kwa gemu hizi.

Tunaweza kucheza wanne?

Ndiyo, na wanne ndio burudani yenyewe, ila PS2 ina matundu mawili tu ya pedi. Unahitaji kifaa kinachoitwa multitap. Angalia vizuri kabla ya kununua: multitap ya fati haiingii kwenye slimu kwa kuwa matundu yamepangwa tofauti. Si rahisi kuzipata mtaani. Wengi tunacheza wawili wawili, anayepigwa anampisha anayesubiri, na hakuna aliyelalamika isipokuwa yule anayepigwa kila mara.

Memori kadi ni lazima?

Lazima. Mashine haina mahali pengine pa kusevu, na bila kadi mpiganaji uliyemjenga anafutika ukizima. Halisi ni za MB 8 na zimeandikwa MagicGate. Zile za MB 64 au 128 zisizo na jina nyingi ni za kubahatisha. Ijaribu: sevu, zima, chomoa, chomeka tena, fungua. Na umeme wa kwetu unavyojijua, usisevu wakati taa zinapepesa. Ukikatika katikati ya kusevu, faili linaweza kuharibika lote.

Nina ndugu nje, aniletee kutoka huko?

Inategemea nje ipi. Uingereza ni chaguo zuri: umeme unafanana na wetu, plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa, na mashine na CD vitatoka eneo moja. Oman na Imarati nako umeme unafanana, lakini bado asome kibandiko, maana huko huuzwa mashine za kila upande. Marekani na Japani mwambie akutumie picha ya chini ya mashine na ya adapta kabla hajalipa.

Kama ndugu yuko Ulaya na anapenda kupekua maduka ya mitumba, mpe wazo jingine: Wii ya mwanzo, ile yenye matundu manne ya pedi za GameCube yaliyofichwa chini ya kifuniko. Inasoma CD ndogo za GameCube, Def Jam ikiwemo, na wanne mnacheza bila multitap. Tatizo ni CD yenyewe, toleo la GameCube linatafutwa na wakusanyaji na wanalijua bei yake. Hata la PS2, nakala halisi yenye kasha na kitabu mara nyingi inauzwa ghali kuliko mashine unayokwenda kuichezea. Kwa hiyo tafuta CD kwanza, mashine baadaye. Kununua mashine halafu ukae miezi unaitafuta CD ni kosa la wengi.

Jumla nitarajie kutumia kiasi gani?

Bei zinatofautiana mno kwa mji na kwa muuzaji, kwa hiyo sitataja namba. Kanuni ninayowapa watu ni hii: chukua bei ya mashine, kisha tenga kiasi kingine kama hicho kwa pedi ya pili, memori kadi, waya au kikonveta, na fundi wa kusafisha lenzi. CD ya Def Jam ihesabu peke yake. Jumla ikikutisha, rudi kwenye swali la emuleta.

Kuna gharama moja ambayo hutakutana nayo. Hii gemu haina mambo ya mtandaoni, hivyo hakuna seva ya mtu ya kuzimwa. Waliokuwa na Demon's Souls ya PS3 waliona sehemu yake ya mtandaoni ikifungwa Februari 2018. Ukinunua mashine ya zamani kwa ajili ya gemu yoyote, uliza hilo mapema.

Na kama gemu ninayoitamani si Def Jam?

San Andreas: usinunue PS2, iko kwenye simu. Bully: iko kwenye simu tangu 2016. PES 6: toleo lake la kompyuta linakwenda hata kwenye laptopu dhaifu. Red Dead Redemption ya 2010 ni ya kujifunzia. Waliosubiri waliipata kwenye PS4 na Switch mwaka 2023, na kwenye kompyuta 2024.

WWE SmackDown! Here Comes the Pain ya 2003, hiyo naiweka kapu moja na Def Jam. Wanamieleka wa kweli, sura za kweli, haijauzwa tena. Ukipata mashine, itafute nayo, na hapo hununui tena kwa ajili ya gemu moja.

Naweza kuwaachia watoto?

Hapana, au si wadogo. Marekani iliwekewa alama ya M, yaani miaka 17 na kuendelea. Kuna matusi, damu, na wanawake waliowekwa kama zawadi ya mshindi. Enzi zile tuliicheza vibandani tukiwa wadogo kuliko hivyo na hakuna aliyeuliza umri, lakini hilo halinifanyi nikushauri umwachie mwanao wa darasa la nne.

Nikiichoka, nitarudisha hela yangu?

Sehemu yake. CD halisi inashikilia thamani vizuri ikiwa haina mikwaruzo, kwa hiyo itunze kwenye kasha na usiilaze kifudifudi juu ya meza. Mashine yenyewe itategemea lenzi. Ukiiuza, mwonyeshe mnunuzi DVD ikifunguka mbele ya macho yake, umpe na ile memori kadi, ila mfute mpiganaji wako kwanza kama hutaki mtu amchezee.